Nani anapuliza hapo? Jinsi ya kumtambua mpiga harmonika asiyetajwa kwenye santuri za soul

Swali huja karibu kila wiki, na ni lile lile. Mtu amekaa na santuri ya baba yake au ya mjomba wake. Katikati ya wimbo kinaingia kinanda cha mdomo, kinalia kwa sekunde kumi na tano, kinatoka, na msikilizaji nywele zinamsimama. Anageuza jalada. Jina la mwimbaji lipo, la mtunzi lipo, la prodyuza lipo. La aliyepuliza halipo. Basi ananiandikia: "Kaka, huyu ni Stevie Wonder?"

Safari nyingine ni yeye. Lakini si kila harmonika kwenye muziki wa soul ni Stevie, na kumpa yeye kila pumzi ni kumnyima mtu mwingine kazi yake kwa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza alinyimwa na jalada. Mwongozo huu nimeuandika ili wewe mwenyewe uweze kufanya uchunguzi kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kunisubiri.

Jambo moja uelewe kabla ya kuanza. Katika miaka ya 1960 lebo nyingi za Marekani hazikuwa na desturi ya kuandika majina ya wapiga vyombo. Motown, lebo kubwa kuliko zote za soul, ilianza kuwataja wanamuziki wake wa studio mwaka 1971 kwenye albamu ya Marvin Gaye, "What's Going On". Kabla ya hapo, wapiga gita na besi waliotengeneza vibao vilivyosikika dunia nzima hawakuandikwa popote. Mpiga harmonika alikuwa na hali ngumu zaidi. Gita, besi, dramu na piano vilihitajika studio kila siku, kwa hiyo wapigaji wake tunawajua angalau kama kundi. Yeye aliitwa siku ile tu ambayo wimbo ulimhitaji, akapuliza, akalipwa, akaondoka.

Kwetu kuna tatizo la ziada. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Santuri hazikutoweka, zilibaki makabatini na masandukuni, lakini nyingi zilizonifikia mkononi zimepoteza majalada, zimebaki sahani tupu ndani ya karatasi ya kaki. Usikate tamaa kwa hilo. Sahani yenyewe inasema mengi.

Andaa hivi kwanza

- Nakala nzuri ya wimbo. Ukipata matoleo mawili ni bora zaidi: santuri ndogo ya 45 yenye mono (sauti zote zimeunganishwa kuwa moja), na ile ya albamu yenye stereo (sauti zimegawanywa kushoto na kulia). Faili la muziki lililobanwa sana halifai, maana linakula pumzi na kelele ndogo za chombo, na hizo ndizo ushahidi wako.
- Hedifoni zinazofunika masikio. Spika ya simu haitakusaidia.
- Programu ya Audacity kwenye kompyuta. Ni ya bure.
- Harmonika moja ya diatoniki, ya matundu 10, ya ufunguo wa C, yaani iliyopangwa kwa noti ya C kuwa makao yake. Ya bei nafuu inatosha. Huhitaji kuwa mpigaji hodari, unahitaji kujua noti ipi hutoka ukipuliza na ipi ukivuta.
- Daftari. Usitegemee kichwa chako.
- Siku kadhaa. Anayetaka jibu leo jioni atapata jina, lakini si lazima liwe la kweli.

Hatua ya 1: Andika kila kitu kilichopo kwenye sahani

Jina la lebo, namba ya santuri, mtunzi, prodyuza, mpangaji wa muziki na kampuni inayomiliki haki za wimbo. Kisha inua sahani kwenye mwanga, uiinamishe, utazame ule ukingo laini kati ya mwisho wa mfereji na karatasi ya lebo. Kuna namba na herufi zimechorwa hapo kwa sindano au kugongwa kwa muhuri. Zinakili zote jinsi zilivyo, hata alama usiyoielewa.

Kampuni ya haki za wimbo ni dokezo zuri. Jobete inakupeleka Motown, Detroit. East/Memphis inakupeleka Stax, lebo ya Memphis. Arc Music inakupeleka Chess, lebo ya Chicago. Lakini ni dokezo tu: linasema wimbo ni mali ya nani, halisemi ulirekodiwa wapi.

Ingiza namba ya santuri kwenye Discogs, tovuti ya kuorodhesha santuri, ulinganishe na picha za lebo. Majina ya wapiga vyombo utakayoyakuta pale yaandike kwa penseli kwanza, maana yamewekwa na watu kama mimi na wewe.

Hatua ya 2: Hakikisha ni harmonika kweli

Usiruke hatua hii. Harmonika iliyopigwa kupitia maikrofoni ya mkononi na amplifaya hunguruma kama saksafoni. Sikiliza "Juke" ya Little Walter ya mwaka 1952 utaelewa ninachosema. Melodika nayo huwadanganya wengi, na akodiani pia. Jaribio langu ni hili: tafuta mahali ambapo noti inaanza juu kisha inashuka kama mtu anayelalamika, au inaanza chini ikapanda. Melodika na akodiani hazina malalamiko hayo. Zaidi ya hapo, harmonika hutoa sauti kwa kupuliza na kwa kuvuta, kwa hiyo mpigaji anaweza kwenda muda mrefu bila kile kituo cha kuvuta pumzi unachokisikia kwa mpiga saksafoni.

Zoezi zuri la masikio ni "Low Rider" ya kundi la War, 1975. Harmonika ya Lee Oskar na saksafoni ya Charles Miller zinakwenda pamoja, mstari mmoja, noti zile zile. Usiendelee mpaka uweze kufuata moja huku ukiiacha nyingine.

Tahadhari kuhusu neno. Wapigaji wa blues huko Marekani huiita harmonika "harp". Neno hilo hilo ni jina la kinubi, chombo kikubwa cha nyuzi, na kinubi kimetumika sana kwenye soul. Nimeona watu wakisoma "harp" kwenye jalada, wakaandika kwamba mpiga kinubi ndiye aliyepuliza. Mfano ulio wazi uko kwenye albamu ya Stevie Wonder ya mwaka 1976, wimbo "If It's Magic": kinubi kimepigwa na Dorothy Ashby, na harmonika anayoipuliza Stevie mwenyewe imo kwenye wimbo huo huo. Ukikuta neno hilo, rudi kwenye sauti.

Hatua ya 3: Diatoniki au kromatiki?

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Ukijibu swali hili sawasawa, orodha ya watu unaowashuku inakatika nusu.

Harmonika ya diatoniki ni ile ndogo ya matundu 10. Imepangwa kwa ufunguo mmoja, na noti zilizokosekana mpigaji huzitafuta kwa kupindisha sauti kwa ulimi na koo. Ya kromatiki ni kubwa zaidi, mara nyingi ya matundu 12 au 16, na ina kitufe pembeni. Ukikibonyeza, kila noti hupanda kwa nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili. Ina noti zote.

Fungua wimbo kwenye Audacity, kata kipande chenye harmonika peke yake, punguza kasi hadi nusu bila kubadili ufunguo. Halafu sikiliza mambo haya.

Kwanza, mtetemo wa haraka kati ya noti mbili. Zikiwa jirani kabisa, umbali wa nusu toni, hapo kitufe kinabonyezwa na kuachiwa: ni kromatiki. Zikiwa mbali kidogo, kama D na F, huenda ni mpigaji wa diatoniki anayetikisa kichwa au mkono kati ya matundu mawili, la nne na la tano, huku akivuta. Wapigaji wa blues wanaupenda mtikiso huo kupita kiasi.

Pili, mwendo wa noti za chini. Chukua harmonika yako ya C. Kwenye matundu ya chini ukipuliza unapata C, E, G. Ukivuta unapata D, G, B. F haipo. A haipo. Mpigaji wa diatoniki akizitaka huko chini lazima apindishe tundu la pili au la tatu, na upindishaji una jasho, unausikia: noti inayumba kidogo, ina kivuli. Ukisikia noti hizo zikitoka safi, zimetulia, zimenyooka kama za filimbi, basi shuku kromatiki.

Tatu, kelele ya kitufe. Ni "tik" ndogo sana.

Kelele hiyo ilinifundisha adabu. Nilikuwa na santuri moja ya 45, harmonika yake nzito na yenye uchungu, nikaamua kwa sababu ya uchungu huo kwamba ni mpiga blues fulani wa Chicago, mtu wa diatoniki. Niliwatumia jina lake watu zaidi ya kumi, nikalieleza kwa maneno mazuri. Miezi mitatu baadaye nikapunguza kasi ya kipande kile kwa sababu nyingine kabisa, na pale kati ya noti ya tatu na ya nne nikasikia: tik. Nikarudia. Tik. Ilikuwa kromatiki. Ilinibidi niwaandikie wote mmoja mmoja. Jina la kweli bado silijui, na kwenye daftari langu ukurasa ule una mstari mwekundu.

Kwa masikio yako: kromatiki ya soul ipo kwenye "For Once in My Life" ya Stevie Wonder, 1968. Diatoniki yenye sauti pana na rahisi kufuata ipo kwenye "Hey! Baby" ya Bruce Channel, iliyoongoza chati za Marekani mwaka 1962. Sikiliza hizo mbili mfululizo mara tano.

Hatua ya 4: Tafuta ufunguo wa wimbo na wa harmonika

Kwa kromatiki unaweza kupita haraka hapa. Kwa diatoniki, kaa.

Mpigaji wa blues na soul kwa kawaida hatumii harmonika ya ufunguo wa wimbo wenyewe. Wimbo ukiwa wa G, anachukua harmonika ya C, anauweka makao kwenye noti ya kuvuta tundu la pili. Wimbo wa A, harmonika ya D. Wa E, ya A. Wa F, ya B-flat. Wa D, ya G. Hivyo noti zile chungu za blues zinaangukia kwenye matundu yanayopindika vizuri. Wengine hutumia harmonika ya ufunguo ule ule wa wimbo, na hapo muziki unasikika mtamu zaidi, wa nyumbani.

Huna haja ya kununua harmonika 12. Tumia Audacity kuusogeza wimbo mzima mpaka uwe wa G, kisha jaribu kuufuata kwa harmonika yako ya C. Kama misemo yake inakuja mdomoni kwa urahisi, unavuta pale anapovuta na kupindisha pale anapopindisha, umepata. Ikikataa, sogeza wimbo hadi C ujaribu tena. Ikikataa kote, rudi Hatua ya 3, huenda ni kromatiki.

Andika jibu. Kila mpigaji ana njia anayoizoea, na hii ni alama kubwa kama ya kidole.

Kwenye "Fingertips", iliyorekodiwa jukwaani Regal Theater, Chicago, mwaka 1962 Stevie akiwa na miaka 12, kuna mwanamuziki anasikika akipaza sauti kuuliza ufunguo kwa sababu kijana amerudi kupiga tena bila taarifa. Kama aliyekuwa jukwaani alihangaika, nawe usione haya kuhangaika.

Hatua ya 5: Je, mwimbaji ndiye anayepuliza?

Mtu mmoja hawezi kuimba na kupuliza kwa pumzi moja. Fuatilia mwisho wa kila mstari wa sauti na mwanzo wa kila msemo wa harmonika. Kwenye "Baby Scratch My Back" ya Slim Harpo, 1966, sauti na harmonika zinapokezana kwa zamu, na ni yeye mwenyewe anayefanya yote mawili. Zikipishana juu ya nyingine, ama ni watu wawili, ama harmonika ilipachikwa baadaye.

Hapo mwaka na studio vina maana. Atlantic, New York, walikuwa na mashine ya traki nane, yaani inayorekodi sauti nane kila moja kivyake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo kupachika sauti baadaye kulikuwa rahisi kwao. Stax, Memphis, waliendelea kurekodi kwa mono mpaka katikati ya miaka ya 1960. Sauti zikipishana kwenye rekodi ya Stax ya 1963, hesabu watu wawili chumbani.

Hatua ya 6: Pata jiji na tarehe

Tarehe ya kutoka kwa santuri siyo tarehe ya kurekodiwa. "Fingertips" ilikaa karibu mwaka mzima kabla ya kutolewa 1963.

Na lebo siyo studio. Wilson Pickett alikuwa msanii wa Atlantic ya New York, lakini "In the Midnight Hour" ilirekodiwa Stax, Memphis, mwaka 1965, na "Mustang Sally" ikarekodiwa studio ya FAME, Muscle Shoals, Alabama, mwaka uliofuata. Ukiamini lebo, utatafuta mpigaji wa New York kwenye chumba kilichokuwa Alabama. Motown nayo, ingawa makao yake yalikuwa ile nyumba ya 2648 West Grand Boulevard, Detroit, ilikuwa ikirekodi Los Angeles miaka kadhaa kabla ya kuhamia huko 1972.

Tarehe nzuri ziko kwenye vijitabu vya matoleo mapya ya CD, hasa yale makubwa yaliyoandaliwa na watu waliofungua maboksi ya tepu. Kwa Motown kuna mfululizo wa "The Complete Motown Singles", unaopanga santuri ndogo zote mwaka kwa mwaka pamoja na maelezo. Kama huwezi kuununua, tafuta mtu aliyenao akupigie picha ukurasa mmoja. Wakusanyaji wengi ni wakarimu ukiwaulizia kitu mahususi.

Hatua ya 7: Tengeneza orodha ya wanaowezekana

Sasa ndipo unaruhusiwa kufikiria majina. Una aina ya harmonika, ufunguo, jiji na tarehe. Jiulize: nani alikuwa jiji hilo, mwaka huo, mwenye chombo hicho?

New York, mtu wa kwanza ninayemfikiria ni Buddy Lucas. Alikuwa mpiga saksafoni ya tena aliyepuliza pia harmonika, na ndiye unayemsikia kwenye albamu ya blues ya Nina Simone ya mwaka 1967, akiwa na Bernard Purdie kwenye dramu na Eric Gale kwenye gita. Mtu aliyeitwa kupiga saksafoni na akawa na harmonika mfukoni ni hazina kwa prodyuza, na ni mtego kwetu: huenda kwenye karatasi ameandikwa saksafoni tu. New York hiyo hiyo alikuwapo Toots Thielemans, Mbelgiji aliyehamia Marekani mwaka 1952, bingwa wa kromatiki, aliyefanya kazi na Quincy Jones.

Los Angeles kulikuwa na Tommy Morgan, mtu wa studio hasa, aliyepiga harmonika za kila aina hadi ile ya besi. Nashville ni Charlie McCoy. Fort Worth, Texas, ni Delbert McClinton, ambaye ndiye anayepuliza kwenye "Hey! Baby", ingawa kwa miaka mingi wasikilizaji walidhani ni Bruce Channel mwenyewe. Kusini mwa Louisiana, kwenye studio ya Crowley, ni Slim Harpo na Lazy Lester. Chicago ni bahari: James Cotton, Junior Wells na wengine wengi. Kule usiandike jina lolote mpaka umalize Hatua ya 8 mara mbili.

Detroit ndiko watu wanakoteleza. Ndiyo, Stevie alikuwa Motown. Lakini Detroit alikuwako pia Little Sonny, mpiga blues aliyetoa albamu yake kupitia Enterprise, tawi la Stax, mwaka 1970. Detroit pekee haitoshi kukupa jina.

Kumbuka majina ya kujificha. Mkataba wa lebo moja ulimzuia msanii kuonekana kwenye santuri za lebo nyingine, kwa hiyo walibuni majina. Mwaka 1974 Stevie Wonder alishiriki kutayarisha "Perfect Angel" ya Minnie Riperton chini ya jina El Toro Negro. Mwaka 1968 Motown yenyewe ilitoa albamu nzima ya harmonika kwa jina Eivets Rednow. Lisome kinyumenyume.

Hatua ya 8: Linganisha na rekodi zenye jina

Chukua rekodi ambazo mpigaji unayemshuku anajulikana bila shaka, za miaka ile ile, mbili mbele na mbili nyuma. Usilinganishe mtu wa 1963 na yeye mwenyewe wa 1985.

Usisikilize utamu wa solo nzima. Sikiliza tabia. Noti inaanzaje: kwa ulimi uliogonga au kwa pumzi laini? Mtetemo unatoka wapi? Wa mikono hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti, kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Wa koo huyumbisha noti yenyewe. Msemo unaishaje: unakatwa, unashuka, au unaachwa ufifie? Anakaa mbele ya dramu au nyuma yake? Mwisho wa msemo ndio unaoniambia zaidi, maana mwanzoni kila mtu anajitahidi, mwishoni anarudi alivyo.

Halafu jipime. Kata vipande kumi vya sekunde tano: vitano vya mpigaji huyo, vitano vya wengine, vyote kutoka rekodi zenye majina. Mwombe mtu wa nyumbani avichanganye, akuchezee bila kukuonyesha skrini. Ukishindwa kutenganisha vipande ambavyo jibu lake linajulikana, huna haki ya kutoa jibu kwa kile kisichojulikana. Mimi binafsi huona aibu kubwa zaidi hapa kuliko popote, na kila mara nafaidika.

Hatua ya 9: Tafuta karatasi

Masikio hupendekeza. Karatasi huthibitisha, japo nazo zina mashimo.

Karatasi kuu ni mkataba wa kikao cha kurekodi wa chama cha wanamuziki cha Marekani, AFM. Kikao cha kawaida kilikuwa cha saa 3, na fomu iliandika tarehe, studio, nyimbo na majina ya waliolipwa. Kila jiji lilikuwa na tawi lake: namba 802 New York, 47 Los Angeles, 5 Detroit, 257 Nashville. Chicago ilikuwa na matawi mawili, la 10 na la 208, hili la pili la wanamuziki weusi, mpaka yalipounganishwa 1966. Ukitafuta mpigaji mweusi wa Chicago wa 1962 kwenye karatasi za tawi la 10, unatafuta kwenye kabati lisilo lake.

Makosa ya kawaida hapa ni haya. Kudhani jina likikosekana basi mtu hakuwapo, ilhali vikao vingine havikuandikishwa kabisa, na aliyepachika sauti siku nyingine ana fomu yake nyingine. Kudhani kila aliyeandikwa alipiga. Na kuamini kumbukumbu ya mtu mmoja aliyehojiwa miaka arobaini baadaye, hata kama ni mtu mwaminifu.

Uvumi ni hatari kuliko vyote. "My Boy Lollipop" ya Millie Small ilirekodiwa London na kutoka 1964. Ni ska, muziki wa Jamaika, siyo soul, lakini ndio mfano bora ninaoujua. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba harmonika yake ni ya Rod Stewart, na hadithi ikaandikwa kila mahali. Rod Stewart mwenyewe amekana. Ukikuta sehemu hamsini zinasema jambo moja, tafuta ile ya kwanza iliyolisema. Mara nyingi hamsini ni shahidi mmoja aliyenakiliwa.

Hatua ya 10: Toa jibu lenye daraja

Mimi hutumia madaraja matatu. "Imethibitishwa": karatasi au mhusika mwenyewe, pamoja na sauti inayokubaliana. "Inaelekea": sauti, jiji na tarehe vinakubaliana, karatasi hakuna. "Haijulikani." Ukiandika jina la daraja la pili, neno "inaelekea" libaki ubavuni mwake kila unapolitaja.

Ukikwama

*Ufunguo wa wimbo hauangukii popote, uko katikati ya G na G-sharp.* Tepu iliharakishwa kidogo studio, au mashine yako ya santuri ina kasi mbaya. Jaribu kwanza santuri nyingine unayoijua ufunguo wake. Ikiwa sawa, tatizo liko kwenye rekodi: isogeze kwa senti chache (senti mia ni nusu toni) kwenye Audacity na uandike umesogeza kiasi gani.

*Harmonika imezama chini ya tarumbeta.* Tafuta stereo ya albamu na usikilize upande mmoja mmoja, maana michanganyo ya zamani ilizoea kutupa vyombo vyote vya upepo upande mmoja na sauti upande mwingine. Epuka albamu zilizofanywa stereo ya bandia kutoka mono. Programu za kutenganisha vyombo zinasaidia kidogo, lakini mara nyingi huichukulia harmonika kama sauti ya mtu, zikaigawa vipande viwili. Usipime mtetemo kwenye faili lililopita huko.

*Toleo la 45 lina harmonika, la albamu halina, au zinatofautiana.* Huenda una rekodi mbili tofauti, na huenda wapigaji wawili. Zifungulie kurasa mbili daftarini.

*Mtu anasema ndiye aliyepuliza, karatasi hazimtaji.* Muulize alitumia harmonika ya ufunguo gani, na kama ilikuwa na kitufe. Usimtajie jibu lako. Aliyekuwa chumbani huenda amesahau mwaka na malipo, lakini mpigaji mara nyingi hukumbuka chombo alichoshika. Kama ni mzee, mwache amalize hadithi yake kabla hujarudi kwenye swali.

*Umemaliza hatua zote na huna jina.* Andika "haijulikani", kisha weka chini yake aina ya harmonika, ufunguo, jiji, tarehe, na dakika na sekunde anapoingia na kutoka. Namba za kwenye ukingo wa sahani ziweke pia. Ukurasa wangu wenye mstari mwekundu uko hivyo sasa: kromatiki, na kitufe kinasikika kati ya noti ya tatu na ya nne.